Mafuta kwa Mgongo wa Chupa: Historia Fupi ya Maneno ya Ngozi Kavu

Februari iliyopita mjukuu wangu wa miaka saba alitoka bafuni akiwa ameinua mikono juu kama mtu aliyeshikwa na polisi. "Shosho, hii inachoma!" Viwiko vilikuwa vimegeuka vyekundu, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka.

Mwezi wa Februari huku kwetu Free Area, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, vumbi huingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wengi husimulia kwamba jina Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Msimu huo, ngozi ya kila mtu hupauka. Ya mtoto huyu, ambaye ana ukurutu tangu utotoni, hupasuka. Alikuwa ameanza kukataa kuvaa sketi ya shule kwa sababu wenzake walimwambia miguu yake ina unga. Basi mimi, kwa huruma ya bibi, nilikuwa nimemnunulia losheni iliyozidi zote kwa bei pale dukani. Mbele ya chupa palikuwa na maneno mazuri ya Kiingereza yaliyoahidi kuituliza ngozi nyeti. Nyuma, kwa herufi za kusomwa na chungu, palikuwa na orodha ya viambato, na katikati ya orodha hiyo neno parfum, yaani manukato. Mimi mwenye shahada ya uzamifu wa isimu sikuwa nimegeuza chupa.

Mpenzi msomaji, Kiswahili kina nahau ya jambo hili: kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Maana yake ni kumhadaa mtu kwa maneno matamu. Anayepakwa huhisi mkono ukipita mwilini, akadhani anatunzwa, kumbe mafuta yamebaki ndani ya chupa. Makala haya yanafuatilia historia ya maneno tunayoyatumia kwa vitu vya kujipaka. Hoja yangu ni kwamba maneno ya zamani yalimweleza mtu kilichomo, ilhali mengi ya yale yaliyotujia baadaye yameficha. Anayelipia kuficha huko ni mnunuzi wa kipato kidogo.

Tuanze na neno mafuta. Hili ni neno kongwe la Kibantu, ambalo wanaisimu hulirejesha kwenye shina *-kuta. Wakikuyu husema maguta, Wakamba mauta, Waganda amafuta, Wazulu amafutha. Katika Kiswahili, sauti /k/ ya shina hilo iligeuka /f/ mbele ya irabu /u/. Neno lililosambaa kutoka Mlima Kenya hadi Natal likiwa na sura moja linatuonyesha kwamba watu hawa walikuwa na mafuta, na haja nayo, kabla hawajatengana.

Mafuta hayo yalitajwa kwa chanzo chake. Pwani palikuwa na mafuta ya nazi na mafuta ya ufuta. Huku bara palikuwa na mafuta ya kondoo, na mafuta ya mbarika, mmea ambao Wakikuyu huziita mbegu zake mbariki. Katika Bonde la Ufa, Wamaasai walichanganya mafuta ya mnyama na udongo mwekundu wakajipaka. Jina la Olkaria, kule Naivasha tunakozalisha umeme wa mvuke, ni la udongo huo. Mtu akisikia "mafuta ya mbarika" alijua yametoka wapi, yamesagwaje, na kama yanamdhuru aliweza kuyataja na kuyaacha.

Mabadiliko yalianza mbali sana na Nakuru. Mwaka 1859 mkemia kijana, Robert Chesebrough, alifika Titusville, Pennsylvania, palipokuwa pamegunduliwa mafuta ya petroli. Aliwakuta wafanyakazi wa visima wakipaka majeraha yao uchafu mzito ulionata kwenye mashine. Aliuchukua, akausafisha miaka mingi, na mwaka 1872 akapata hataza Marekani kwa jina la Vaseline. Inaelezwa kwamba jina hilo aliliunga kutokana na neno la Kijerumani la maji, Wasser, na la Kigiriki la mafuta, elaion. Tazama kichekesho cha lugha hapo: jina lina maji, lakini ndani ya kopo hamna hata tone. Jeli hiyo ni mafuta matupu. Kazi yake ni kuyafungia maji ambayo tayari yamo kwenye ngozi yasitoroke.

Mwaka 1911 kampuni ya Beiersdorf ya Hamburg, Ujerumani, ikatoa krimu iliyofaulu kuunganisha maji na mafuta yasiachane. Iliiita Nivea, kutokana na neno la Kilatini la theluji, kwa weupe wa krimu yenyewe. Baadaye tukapokea losheni, ambayo ina maji mengi zaidi ya krimu. Ukilifuata neno hilo hadi Kilatini, utalikuta likimaanisha kuosha. Basi tunaoga, kisha tunajipaka kitu ambacho jina lake ni kuoga!

Silalamikii ukopaji wa maneno. Nimeutetea katika ukumbi huu mara nyingi, na Kiswahili bila maneno ya mkopo kingekuwa kibubu. Ila tazama kilichopotea njiani. Vaselini, krimu na losheni si majina matatu ya kitu kimoja. Tofauti yake ni kiasi cha maji na mafuta. Kadiri maji yanavyozidi, ndivyo kitu hicho kinavyopakika kwa urahisi, na ndivyo kwa kawaida kinavyoilinda ngozi kavu kwa muda mfupi zaidi. Mtu mwenye ngozi iliyopasuka anahitaji kujua hilo kabla hajatoa pesa mfukoni. Sisi tulipokea majina, maarifa yakabaki bandarini.

Au tuseme hayakubaki yote. Mama yangu hakuwa na losheni. Miaka ya sitini, nyumbani kwetu, tulipakwa Kimbo, mafuta yale yale ya kukaangia. Alitushika mkono tungali tunadondosha maji ya karai, akatupaka hapo hapo. Aliyekimbilia shuka ajikaushe kwanza alifokewa: "Usijipanguse ukakauka, nitakupaka nini?" Nilidhani ni haraka ya mama mwenye watoto wengi. Miaka hamsini na zaidi baadaye, muuguzi wa zahanati aliniambia jambo hilo hilo kuhusu mjukuu wangu: maji ya uvuguvugu, si ya moto, asikae majini muda mrefu, ajifute kidogo tu kwa kubonyeza taulo, kisha apakwe dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mama alijua kwamba mafuta ni kifuniko, na kifuniko hufunika kilichomo. Ukifunika chungu kikavu utakula nini?

Ujuzi kama huo umezaa historia nyingine inayotuhusu sana huku kwenye ng'ombe wa maziwa. Ingia agroveti yoyote ya Nakuru, Njoro au Molo utakuta jeli ya kukamulia, iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe. Chuchu huoshwa kila ng'ombe akamuliwapo, zikakauka, zikapasuka. Mkamuaji alipaka jeli, na jioni akagundua kwamba mikono yake mwenyewe imelainika kuliko ya jirani. Ndivyo Arimis, jeli iliyoandikwa wazi kwamba ni ya kukamulia, ilivyotoka zizini ikaingia chumba cha kulala, na leo watu wasiomiliki hata kuku hujipaka. Sikio la Mkikuyu husikia katika jina hilo neno arimi, wakulima. Hakuna tangazo lililowaamuru watu. Walisoma kazi ya kitu wakaifuata, hata kama jina lilisema ni cha mnyama.

Lakini soko lina upande wake wa giza, na huko pia maneno yanashuhudia. Baadhi ya krimu ziliuzwa kwa majina ya urembo na nuru, zikiwa na zebaki au haidrokwinoni. Mwaka 1998 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizo. Umma, hata hivyo, ulikuwa umeshaunda msamiati wake. Kujichubua ni kitendo cha kuondoa ngozi ya juu, kama mtu achubuavyo goti akianguka. Watanzania wakatupa mkorogo, kitu kilichokorogwa. Maneno hayo hayapambi. Chupa ilisema nuru, mtaa ukasema mchubuko, na mtaa ndio uliosema kweli.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba hili ni suala la lugha pia, tusiwaachie madaktari peke yao. Kiswahili kina msamiati tajiri wa ngozi inayoteseka: kupauka, magaga, mwasho, ukurutu. Tulichokosa ni msamiati wa tiba kwenye chupa. Watafsiri huandika "kilainisha ngozi," nami sikipingi, lakini kulainika ni tokeo tu. Kazi yenyewe ni kutunza unyevu. Napendekeza tuseme kitunza unyevu kwa vitu hivi vyote, na chini yake tuvigawe: kizibaji, kama jeli ya petroli, ambacho huzuia maji yasitoke, na kivutaji, kama gliserini, ambacho huvuta maji kwenye ngozi. Mwenye pendekezo bora na alilete. Muhimu ni kwamba mama anayesimama mbele ya rafu aweze kuuliza swali kwa lugha aliyonayo.

Haki hiyo hatuiombi kama zawadi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo. Ukiviweka vifungu hivyo viwili bega kwa bega, utajiuliza kwa nini chupa inayouzwa Free Area isibebe mistari mitatu tu ya Kiswahili: ina manukato au haina, ni mafuta matupu au yamechanganywa na maji, ipakwe lini. Wino wa mistari mitatu hautafilisi kiwanda.

Hadi siku hiyo ifike, geuza chupa. Ukiona parfum au fragrance kwenye orodha, na ngozi yako ni nyeti, irudishe rafuni hata kama picha ya mbele ni ya mtoto mchanga anayecheka. Hata jeli ya bei nafuu isome, kwa kuwa baadhi hutiwa manukato. Kitu kipya kijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono siku kadhaa. Na ngozi ikitoa majimaji, usaha au damu, nenda kwa daktari. Hapo mafuta hayatoshi.

Losheni ile ya bei niliirudisha dukani. Muuzaji alicheka. "Prof, sasa unataka hii ya watu wa kawaida?" Nikamjibu kwamba hiyo hiyo. Nikampa pesa ya kopo la jeli ya petroli isiyo na manukato, akanirudishia chenji, na chenji hiyo ikatosha makopo mengine mawili.

Sasa ni kazi ya kila jioni. Mtoto hutoka bafuni akidondosha maji, nami namngoja mlangoni na kopo wazi. Ngozi yake haijapona, kwani ukurutu huenda ukarudi. Lakini wiki iliyopita alivaa sketi bila kusukumwa. Juzi alipotaka kujikausha kwanza kwa sababu ya baridi, nilijisikia nikisema kwa sauti ya mama yangu: "Usijipanguse ukakauka!"