Murphy: Jina Moja, Koo Nyingi

Hakuna jina la ukoo lililoenea Ayalandi kuliko Murphy. Mwaka 1894 Robert Matheson, afisa wa usajili, alitoa taarifa iliyotegemea vizazi vilivyoandikishwa mwaka 1890, akakadiria kuwa wenye jina hilo walikuwa 62,600. Kisiwa kizima kilikuwa na watu wapatao milioni 4.7, basi katika kila watu 75, mmoja aliitwa Murphy. Asikiaye hesabu hiyo huenda akadhani kwamba wote hao ni wazao wa babu mmoja. La, sivyo, na atakaye kujua sababu hana budi kwanza kuitazama lugha.

Kwa Kiayalandi jina hili ni Ó Murchadha. Ó maana yake ni mjukuu au mzawa. Murchadh ni jina la mwanamume, lililoundwa kwa maneno mawili: muir, yaani bahari, na cath, yaani vita. Basi Ó Murchadha ni mzawa wa Murchadh, mpiganaji wa baharini. Majina ya ukoo yalipoanza kurithiwa, yapata karne ya 10 na ya 11, koo mbalimbali zisizohusiana, kila moja kwa babu yake aliyeitwa Murchadh, zilijitwalia jina lile lile. Ukoo mmoja ulistawi Wexford, kusini-mashariki; mwingine Cork, kusini. Huko kaskazini, Tyrone na Armagh, walikuwako Mac Murchaidh, yaani wana wa Murchadh, ambao nao waligeuzwa Murphy.

Kwa upande mwingine, wenye nasaba moja huweza kuitwa majina mengine. Diarmait Mac Murchada alikuwa mfalme wa Leinster, akafariki mwaka 1171. Wazao wake kwa mwanawe Domhnall hawaitwi Murphy. Jina lao ni Kavanagh.

Utawala wa Waingereza ulipoimarika katika karne za 16 na 17, majina yaliandikwa kwa kufuata sikio la Kiingereza. Ó ikaachwa, na tofauti ya Ó na Mac ikafutika. Sarufi nayo ikapotea. Kwa tahajia ya siku hizi, mwanamume ni Ó Murchú, binti yake ni Ní Mhurchú, na mkewe ni Uí Mhurchú. Msikilizaji hutambua mara moja ni nani atajwaye. Kwa Kiingereza wote watatu ni Murphy. Hata mwishoni mwa karne ya 19, watu wengi waliporudisha O katika majina yao, Murphy walio wengi walibaki bila hiyo.

Njaa kuu ya miaka 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kiasi hicho wakahama. Jina likasafiri nao. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2010, Murphy walizidi 300,000, wakiwamo Wamarekani Weusi wengi.

Sisi walimu twaweza kupata funzo hapa. Majina mawili yanayofanana katika daftari la mahudhurio si ushahidi wa udugu. Na tuandikapo jina la mtoto, tumwulize kwanza linavyotamkwa na maana yake kwao, kwa kuwa herufi tunayoiacha kwa haraka huenda ndiyo iliyobeba habari za babu yake.