Mfarishi na nakshi yake

Mpwa wangu ni fundi cherehani Marekani, na juzi alinikwamisha kwa swali la maneno. Mteja kamletea kitambaa kilichoungwa kwa viraka vya samaki na mashua. Kazi yake ni kukishikanisha na pamba ya kati na kitambaa cha chini, kwa mishono inayochora mawimbi. Kitu hicho tukiiteje? Wengi watasema blanketi, mimi nakataa. Kamusi zetu zina mfarishi, ndugu wa neno la Kiarabu firash, matandiko. Neno zuri, limelala tu kabatini.

Kazi ilikuwa kuipa jina ile michoro ya mishono. "Muundo" naona ni wa wahandisi. "Pambo" hudokeza kitu kilichobandikwa juu, ilhali mishono hii ndiyo inayozuia pamba isijikusanye pembeni kama godoro la bweni. Nikampa nakshi, ile ya milango ya Lamu na Zanzibar: fundi habandiki kitu juu ya ubao, huuchonga ubao wenyewe.

Basi, nakshi ya mawimbi kwa mfarishi wa samaki. Mteja, naambiwa, kaomba maua.