Wabajuni na Bahari: Uvuvi Unavyorithiwa

Watu husema kwamba familia za wavuvi hurithishana vyombo na nyavu. Lakini mtumbwi huoza, na wavu huchakaa kabla mtoto hajawa mtu mzima. Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba kinachorithiwa hasa ni maarifa, pamoja na mapenzi ya bahari yanayomfanya mtoto ayatafute maarifa hayo. Mfano wetu ni Wabajuni, wenyeji wa visiwa na miji ya mwambao tangu Kisimayu, Somalia, hadi upande wa Lamu, Kenya. Baadhi yetu humu chamani babu na bibi zetu walitoka huko, ndiyo maana tumelichagua somo hili.

Uvuvi wa pwani yetu ni wa kale. Periplus, kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengine hukihesabu kuwa Pemba, wengine Unguja au Mafia. Wenyeji wake walivua samaki na kasa kwa mitumbwi na vyombo vya kushonwa, tena walitega vikapu kwenye mikondo ya maji. Msomaji aliyewahi kuona dema hatashangaa. Naye Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba chakula cha watu kilikuwa ndizi na samaki.

Wabajuni walijulikana hasa kwa kuvua kasa kwa kutumia samaki mwingine, yaani chazo. Chazo ana kigandishio juu ya kichwa, na kwa kawaida hujishikiza kwenye papa au kasa. Mvuvi alimfunga kamba mkiani, akamwachia karibu na kasa, akangoja agande, kisha akavuta taratibu. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, aliyetumikia ubalozi wa Uingereza huko Unguja, alieleza uvuvi wa namna hii katika jarida la wanazuolojia la London. Mwaka 1955 Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu kizima juu ya Wabajuni, akakiita kwa Kiitaliano “Wavuvi wa Bahari ya Hindi”.

Maarifa kama hayo hayakufundishwa darasani. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto alianza kwa kuteka maji chomboni, akapewa mshipi, na polepole akajua kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na mwezi ukiwa nusu maji huwa mafu. Alijua kaskazi inapoingia na kusi inapochafua bahari. Alijua pia kuutafuta mwamba usioonekana kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, labda mnazi mrefu na mnara wa msikiti. Wala si wanaume peke yao waliorithi bahari. Katika sehemu nyingi za pwani yetu wanawake huenda miambani maji yakipwa, wakatafuta pweza na chaza, na binti hujifunza kwa kumfuata mama yake au bibi yake.

Mnyororo huo ulikatika kwa wengi vita vilipoanza Somalia mwaka 1991. Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, wengi wao kwa vyombo, na baadaye baadhi yao wakafika Uingereza. Hapa lugha yao ikageuka kuwa ushahidi. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi uliojadili kama mtu anayesema yeye ni Mbajuni anapaswa kujua Kibajuni. Tunaona uzito wa jambo hili tukimfikiria kijana aliyekulia mbali na visiwa: kama hakuwahi kupanda chombo na baba yake, maneno ya chombo angeyapata wapi?

Sisi hatudai kwamba kila kilichorithiwa kiendelee. Kasa leo wanalindwa na sheria za Kenya na Tanzania, na inafaa walindwe. Lakini kuacha kumvua kasa hakutulazimishi kusahau jinsi wazee walivyomjua yeye na chazo wake. Kamusi itatuambia bamvua ni nini, ila haitatuambia mwamba wa babu yako uliitwaje, wala alama zake zilikuwa zipi. Hayo yamo vichwani mwa wazee, na wengi wao wako mbali nasi kwa umbali wa simu tu.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wote, hata ambao kwao si pwani, mwulizeni mzee mmoja wa nyumbani maneno matano ya kazi aliyofundishwa na wazazi wake, iwe uvuvi, kilimo au ususi. Yaandikeni kama anavyoyatamka, kwa lahaja yake, bila kumsahihisha.