Sungusungu: kutoka mishale ya Kahama hadi mawe ya mjini

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Kahama na kaskazini mwa Nzega, filimbi ikilia usiku hakuna mwanamume aliyeendelea kulala. Aliyeisikia alishika upinde na mishale yake, akatoka nje, akapuliza ya kwake ili kijiji cha pili nacho kipate habari. Wezi wa ng'ombe waliodhani wamekwisha kutokomea walikuta njia zimezibwa mbele yao, huku nyuma wafuatiliaji wakisoma kwato ardhini. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wameunda jeshi lao. Wengine waliliita Busalama, wengine Sungusungu, na jina hilo la pili ndilo lililoenea nchi nzima.

Hawakuliunda kwa kupenda vita. Tanzania ilikuwa imetoka kupigana na Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na baada ya vita bunduki zilionekana mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Uchumi ulikuwa hoi. Sabuni, sukari na nguo zilipatikana kwa shida, na magendo yalishamiri. Kwa mfugaji wa Usukuma ng'ombe ni mahari ya kijana wake, ni dawa ya mgonjwa, ni chakula cha mwaka wa njaa. Zizi likikombwa usiku mmoja, familia nzima imefilisika. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na mara nyingi hata alipofika huko, aliyeibiwa hakupata msaada.

Kuna jambo jingine ambalo halipaswi kusahaulika. Miaka michache kabla ya hapo, dola yenyewe ilijaribu njia ya mkato katika eneo hilohilo. Katika msako wa watuhumiwa wa mauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga mwaka 1976, watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumtesa mtu, lakini alijiuzulu mwaka 1977 kwa kuwa yaliyotendeka yalitendeka chini ya wizara yake. Uwajibikaji ule unasifiwa hadi leo, na kwa haki. Waliokufa hawasemwi sana.

Kwa hiyo Sungusungu ilizaliwa mahali ambapo polisi walikuwa wameshindwa mara mbili: walishindwa kuwalinda watu, na walishindwa kuwatendea haki watuhumiwa. Wanakijiji wakajitengenezea utaratibu. Walikuwa na viongozi wanaojulikana kwa majina na vyeo, walikutana hadharani, na wanaume wote wazima walitakiwa kushiriki. Aliyekutwa na kosa alitozwa faini au kuamriwa kurudisha mifugo. Aliyekaidi alitengwa: hasalimiwi, hapewi moto wala maji, akifiwa hakuna wa kumsaidia kuzika. Katika jamii inayolima na kuzika kwa pamoja, adhabu hiyo iliuma kuliko kifungo, na haikumwaga damu ya mtu. Wizi wa mifugo ulipungua, na ndiyo sababu watu waliipenda Sungusungu.

Lakini mishale hiyohiyo iligeuzwa pia kwa wasiokuwa na ng'ombe wa mtu. Wanawake, hasa wazee, walituhumiwa uchawi na kufukuzwa makwao, na wengine waliuawa. Mtuhumiwa wa wizi aliweza kufungwa kamba mikono nyuma na kupigwa mpaka akiri, na akishakiri, kukiri huko ndiko kukawa ushahidi. Mwanamke mzee aliyetajwa mkutanoni angejitetea vipi, wakati wanaomhukumu ni walewale wanaomwogopa? Hapa ndipo mwanzilishi yeyote wa ulinzi wa jadi anapopaswa kuulizwa swali gumu. Kumpata mwizi ni kazi moja, na kumpa asiye na hatia nafasi ya kuonyesha kwamba hana hatia ni kazi nyingine kabisa.

Serikali ilivutana yenyewe kwa yenyewe. Polisi na mahakama waliona watu wanaojichukulia sheria mkononi, na wanasungusungu kadhaa walishtakiwa. Viongozi wa CCM, Mwalimu Nyerere akiwemo, waliona wakulima wanaojilinda. Mwishowe siasa ilishinda. Mwaka 1989, Mwinyi akiwa Rais, sheria za mgambo zilirekebishwa na Sungusungu wakapewa mamlaka ya kukamata sawa na ya konstebo wa polisi. Augustino Mrema alipoingia Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1990 aliihimiza ianzishwe kila mahali, mijini pia. Jina lilivuka hata mpaka wa Kenya, likafika kwa Wakuria na Wakisii, na huko nako likaandamwa na tuhuma za mauaji.

Mjini, hata hivyo, kilichokua zaidi ni kitu kingine. Mtu anapiga kelele "Mwizi!" sokoni au kituo cha daladala, na ndani ya dakika chache kijana yuko chini, mawe yanamwangukia, mwingine anakuja na tairi na petroli. Kesho yake gazeti linaandika kwamba kibaka ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Hapo hakuna mkutano wala kiongozi wa kuulizwa. Wengi wanaorusha mawe hawakuona kilichoibiwa wala hawamjui aliyeibiwa. Wanachojua ni ile kelele tu.

Sababu wanayoitoa si ya kupuuzwa: tunampeleka polisi asubuhi, jioni tunamwona kijiweni. Mara nyingine kuna rushwa, na rushwa hiyo ina damu mikononi. Lakini mara nyingi ni dhamana, ambayo ni haki ya mtuhumiwa na haina maana kwamba kesi imekwisha. Kesi nyingi hufa kwa sababu aliyeibiwa hakurudi kutoa ushahidi. Hakuna anayewaeleza watu hayo mtaani.

Wala mauaji hayaleti usalama. Januari 2015 jiji la Dar es Salaam lilishikwa na taharuki, maduka yakafungwa jioni kwa hofu ya kundi la vijana wahalifu lililoitwa Panya Road. Vyombo vya habari viliripoti kuwa vurugu zilianza vijana hao wakitoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kwa wizi wa simu au kuku, Kanuni ya Adhabu haitaji kifo popote. Inakitaja kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na anayewasha tairi ndiye anayeliingia kosa hilo. Wenyeviti wa mitaa wanajulikana na namba zao za simu zinapatikana. Utakapoisikia kelele ya mwizi karibu nawe, mpigie mwenyekiti wako, simama kati ya kijana yule na mawe ukiweza, kisha kesi ikiitwa nenda mahakamani ukaseme ulichokiona.