Ayrshire: Chimbuko la ng'ombe wa maziwa lililoandaa mashindano ya dunia ya matufe

MFUGAJI wa Kenya akisikia jina Ayrshire, hukumbuka ng'ombe wa maziwa mwenye mabaka mekundu na meupe. Jina hilo ni la eneo la pwani kusini-magharibi mwa Scotland, ambako ndiko chimbuko la ng'ombe huyo. Mnamo 2004, mji wake wa Ayr uliandaa mashindano ya dunia ya wanaume ya mchezo wa kubingirisha matufe kwenye nyasi.

Ayr uko takriban kilomita 60 kwa barabara kutoka Glasgow. Kutoka ufuoni huonekana kisiwa cha Arran, chenye mlima Goat Fell wa urefu wa mita 874. Kusini zaidi, mwamba wa Ailsa Craig umechomoza baharini. Kijiji cha Alloway, kando ya mji, ndiko alikozaliwa mshairi Robert Burns mwaka 1759, na nyumba ya wazazi wake iliyoezekwa kwa nyasi ingali kivutio cha watalii.

Mchezo wenyewe huonekana rahisi. Mchezaji hubingirisha tufe akilenga kulisogeza karibu na kijitufe kidogo kilichotangulia kurushwa. Hata hivyo, tufe halikuchongwa sawa pande zote; kadiri linavyopungua kasi ndivyo linavyopinda. Kwa hivyo anayelenga moja kwa moja hukosa. Ushindi hutegemea jicho, mkono mtulivu na subira, wala si misuli.

Ayrshire ina historia ndefu katika mchezo huu. Klabu ya Kilmarnock, iliyoanzishwa mwaka 1740, ndiyo inayotajwa kuwa kongwe zaidi nchini Scotland. Katika miaka ya 1840, William Mitchell wa Glasgow aliandika kanuni zilizokuwa msingi wa zile zinazotumika leo. Viwanja vya Northfield mjini Ayr vikaja kuwa makao ya mashindano ya kitaifa, na ndivyo vilivyotumika mwaka 2004.

Katika mashindano hayo, Steve Glasson wa Australia alitwaa taji la mchezaji mmoja mmoja. Kanada ilishinda la wawili wawili na Ireland la wanne wanne. Wenyeji walifurahia la watatu watatu, na miongoni mwa washindi wao alikuwa Willie Wood, aliyekuwa na umri wa miaka 66. Mkongwe huyo alikuwa amenyakua dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1982, miaka 22 kabla ya hapo.

Wanawake walishindania taji lao mwaka huo huo mjini Leamington Spa, Uingereza. Kuanzia mwaka 2008, mjini Christchurch, New Zealand, mashindano ya jinsia zote mbili yaliunganishwa.

Tangu wakati huo, vilabu vya Scotland vimeendelea kupoteza wanachama, na baadhi vimefungwa. Uwanja wa matufe ukifungwa, kijiji hupoteza mahali ambapo mzee na kijana hushindana wakiwa sawa. Ushindi wa Wood mjini Ayr ni kielelezo cha kile kinachoweza kupotea.