Kifafa cha mimba: damu hutoa onyo mapema
Kifafa cha mimba kwa kawaida hutanguliwa na presha ya 140/90 au zaidi, baada ya wiki ya 20. Lakini tatizo huanzia mapema, kwenye kondo la nyuma.

Kondo hutoa protini iitwayo PlGF, inayosaidia mishipa ya damu kukua. Ikiwa chache katika damu wiki ya 11 hadi 13, hatari huongezeka. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki.

Kwa hiyo, mama, wahi kliniki kabla ya wiki ya 12. Mweleze mkunga kama mimba iliyopita ilikuletea presha. Huenda ukaanzishiwa aspirini ya dozi ndogo, vizuri kabla ya wiki ya 16, usijinunulie dukani. Kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, nenda kituoni mara moja.