Vidonda vya tumbo vinaporejea: Safari ya kupona mpakani Busia na Malaba

DEREVA wa trela aliyetoka Mombasa na shehena ya Kampala huwa amekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 900 anapofika Malaba. Foleni ikiwa fupi, huvuka siku hiyo hiyo. Ikiwa ndefu, hulala ndani ya gari, hula anachokipata kwenye kibanda kilicho karibu na huchelea kwenda mbali asije akapoteza nafasi yake. Kwa mwenye tumbo zima huo ni usumbufu tu. Kwa anayeugua vidonda vya tumbo, siku chache za namna hiyo, hasa dawa zikimwishia njiani na mgongo ukamlazimu kununua vidonge vya maumivu, zaweza kubomoa kazi ya miezi mingi ya matibabu.

Foleni hizo zimepungua tangu vilipoanzishwa vituo vya pamoja vya mpakani, ambako gari hukaguliwa mara moja tu katika nchi linakoingia. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na mwenzake wa Uganda, Yoweri Museveni. Hata hivyo, kila panapozuka jambo, malori hurundikana upya. Mnamo Januari 2022, madereva walipogoma kulipia kipimo cha korona walichotakiwa kufanyiwa na Uganda, msururu ulienea makumi ya kilomita ndani ya Kenya na wengi walikesha barabarani kwa siku kadhaa.

Vidonda vya tumbo ni nini hasa? Ni majeraha yanayotokea kwenye ngozi laini ya ndani ya tumbo, au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, pale ute unaoikinga ngozi hiyo unapodhoofika na asidi ya kusagia chakula ikaanza kuila. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa chanzo ni mawazo mengi na pilipili. Imani hiyo ingali hai katika vibanda vya Malaba hadi leo, ila sayansi iliiacha kitambo. Madaktari wawili wa mji wa Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walibaini katika miaka ya mwanzo ya 1980 kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Wenzao walipowadharau, Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, na baada ya siku chache akaanza kutapika, tumbo likiwa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Bakteria huyo aghalabu huingia mwilini utotoni, kupitia maji na chakula kilichochafuliwa au kutoka mdomo hadi mdomo katika familia. Barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanaaminika kuwa naye. Wengi wao hawataugua vidonda maishani mwao, na ndiyo maana kuambiwa kuwa unaye si sawa na kuambiwa kuwa una kidonda.

Chanzo cha pili ndicho kinachowahusu zaidi madereva, mataniboi na vibarua wanaopakua magunia ya mahindi katika masoko ya mpakani. Ni dawa za kutuliza maumivu, mathalani diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Mtu huumwa mgongo kwa kukaa kwenye usukani au kwa kubeba mizigo, akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge viwili viwili vilivyofungwa kwa karatasi bila jina. Maumivu ya mgongo hutulia. Tumboni, ule ute wa kinga hupungua siku baada ya siku. Mgonjwa aliyewahi kuwa na kidonda hafai kuzitumia dawa hizo bila idhini ya daktari. Parasetamoli, kwa kipimo chake, ndiyo nafuu kwa tumbo. Kama lipo jambo moja ambalo mwenye maradhi haya anapaswa kulitamka kila aingiapo duka la dawa, liwe upande wa Kenya au wa Uganda, ni kwamba ana vidonda vya tumbo.

Ugonjwa huu una tabia ya kumlaghai mtu. Akinywa dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, maumivu huondoka kwa siku chache naye hudhani amepona. Ila iwapo bakteria hajauawa, vidonda hurejea kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa ndani ya mwaka mmoja. Tiba kamili huchanganya dawa ya asidi na viuavijasumu viwili au zaidi, kama amoksilini na klarithromaisini, kwa muda ambao siku hizi aghalabu ni siku 14. Vidonge ni vingi, vingine huacha ladha chungu mdomoni na huendesha tumbo. Hapo ndipo wengi hukwama. Dozi ya siku 14 ikikatizwa siku ya tano, bakteria waliosalia huwa ndio wagumu kuliko wote, na dawa ile ile huenda isiwaweze tena.

Mpaka wenyewe huongeza ugumu wake. Mgonjwa huanza matibabu Busia ya Kenya, akamalizia Tororo au Kampala, na kila duka humpa vidonge vyenye majina tofauti ya kibiashara. Yaliyomo ndani huenda yakawa yale yale, naye akajikuta anameza dawa moja mara mbili na kuikosa nyingine kabisa. Njia rahisi ni kusoma jina la dawa yenyewe, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kampuni, na kutembea na daftari la hospitali. Wengi hulitupa daftari hilo maumivu yakishaisha.

Kujua kama bakteria wamekwisha kunahitaji kipimo, tena si kipimo chochote. Kile cha damu kinachouzwa kwa wingi hutazama kinga ya mwili, na kinga hubaki kwa miezi au miaka hata baada ya mtu kupona. Wapo waliokunywa dozi tatu mfululizo kwa sababu ya jibu la damu lililosema wangali nao. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachofaa, nacho hufanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza viuavijasumu na wiki mbili baada ya kuacha omeprazoli. Kutazamwa kwa mpira wenye kamera unaoshushwa kooni hufanyika katika hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ambayo iko kwenye njia hiyo hiyo ya malori.

Maradhi yanaporudi kwa kishindo, huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kuvuja damu: mgonjwa hutapika damu au kitu cheusi mfano wa machicha ya kahawa, au hupata choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya. Ya pili ni tumbo kutoboka, ambapo maumivu makali huja ghafla na tumbo hukakamaa kama ubao. Zote mbili ni za kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo. Dereva asijaribu kwanza kumaliza safari.

Katika Busia, lakini, si kila anayetapika damu ana vidonda. Kaunti hii inapakana na Ziwa Victoria, na katika vijiji vya Budalangi na ufuo wa Port Victoria kuna kichocho cha utumbo kinachoenezwa na konokono wa majini. Kikikaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa, huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya damu kwenye umio, ambayo yaweza kupasuka. Mvuvi wa namna hiyo akitibiwa vidonda pekee, hatibiwi kinachomuua. Vilevile, magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yenye saratani nyingi ya umio. Anayeanza kukwamwa na ugali kooni, au anayekonda bila sababu, asiridhike na dawa ya asidi.

Baada ya kutoka wodini huanza sehemu ambayo haizungumzwi sana. Aliyepoteza damu hutoka akiwa na deni, akiwa amepoteza tripu kadhaa au mtaji wake wa samaki, na mwili hauna nguvu. Wengi hurudi kazini ndani ya wiki moja. Haraka hiyo inaeleweka, kwani tajiri wa gari hangoji. Ila anayehisi kizunguzungu akisimama bado ana upungufu wa damu, na mtu huyo hafai kushika usukani wa trela. Aliyepasuliwa tumbo hapaswi kubeba gunia kwa muda wa wiki sita hivi, hata kama kidonda cha nje kimefunga. Vidonge vya madini ya chuma hunywewa kwa miezi, si kwa siku, kwa sababu mwili hujaza akiba yake polepole. Vidonge hivyo pia hufanya choo kuwa cheusi, jambo ambalo limewatia wengi hofu bure. Tofauti ni kuwa choo hicho hakinati wala hakina ile harufu ya damu.

Chakula cha kupona kipo mpakani pale pale. Omena, maini, maharagwe na mboga za kienyeji hurejesha damu, na chai ya rangi inywewe mbali na mlo kwa kuwa hupunguza chuma kinachofyonzwa. Ugali wa muhogo na wimbi wanaoupenda Wateso na Waluhya hauna ubaya wowote. Pilipili haileti kidonda, ila ikimuunguza mtu aiache. Maziwa, ambayo watu huyaona kama dawa, hutuliza kwa muda mfupi kisha huchochea asidi zaidi. Sigara na pombe kali huchelewesha kidonda kufunga, na mpakani waragi na chang'aa haviko mbali. Anayetumia metronidazoli asiguse pombe kabisa.

Gharama ndiyo huamua mengi. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya NHIF nchini Kenya. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na hazina ya serikali kwa aliyejisajili, lakini kulazwa na kupasuliwa katika hospitali za ngazi ya juu huhitaji mchango, ambao kima chake cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani Sh3,600. Kwa mwendeshaji wa bodaboda au mama anayeuza nyanya, fedha hizo kwa mkupuo mmoja si kidogo, na wengi huzitafuta baada ya damu kuanza kutoka.